Mfululizo wa fantasia au riwaya ya klasiki: kabla hujachagua, uliza kama imekwisha

Juzuu ya pili niliipata kwanza. Ilikuwa A Clash of Kings ya George R. R. Martin, kutoka mfululizo wake wa fantasia A Song of Ice and Fire, jalada limechubuka, kurasa zimekunjwa pembe na msomaji nisiyemjua, kwenye meza ya vitabu vya mtumba katikati ya Dar es Salaam. Niliichukua kwa sababu ilikuwa nene na bei yake nafuu. Nilihangaika miezi kuitafuta ya kwanza. Nilipoipata nikaisoma kwa pupa, nikairudia ile ya pili, nikaenda mpaka ya tano, na hapo njia ikakatika. Ya tano ilitoka mwaka 2011. Ya sita tunaingoja hadi leo.

Siku ile, juu ya meza ile ile, ilikuwepo The Count of Monte Cristo ya Alexandre Dumas. Nene vilevile, bei ile ile. Niliiacha. Jalada lilisema ni klasiki, na neno hilo kwangu lilikuwa na harufu ya chaki na maswali ya "jadili dhamira za mwandishi". Nilikuja kuisoma miaka mingi baadaye nikiwa nyumbani nauguza mguu uliovunjika, na nikaisikitikia miaka yote niliyopita kando yake.

Sasa wadogo zangu katika usomaji huniuliza mimi. Mmoja ana likizo ya mwezi, mwingine ana nusu saa ya daladala asubuhi na nusu saa jioni. Aanze na mfululizo wa fantasia au na riwaya ya klasiki? Wengi wao wameshasikia pande mbili zikivutana. Upande mmoja husema fantasia ni ngano za watoto, majoka na panga, mtu mzima asome mambo ya maana. Upande wa pili husema klasiki ni vitabu vya kusifiwa, havisomwi. Nimekaa pande zote mbili, na ninaona zinagombania jambo lisilomsaidia msomaji. Swali langu la kwanza kwa anayetaka ushauri ni jingine: hadithi hiyo imekwisha? Hadithi ndefu ni ahadi, na ahadi ni deni. Mwandishi anakukopa majuma na miezi ya maisha yako. Una haki ya kujua kama atakulipa.

Klasiki nazo zilitoka kwa vipande

Tukishaweka swali hivyo, ule ukuta kati ya rafu mbili unapungua kimo. Dumas alitoa kisa cha Monte Cristo kipande kwa kipande katika gazeti la Paris, Journal des Débats, kuanzia 1844 hadi 1846. Great Expectations ya Charles Dickens ilitoka kila wiki katika jarida lake mwenyewe, All the Year Round, kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861. Leo Tolstoy alianza kutoa sehemu za War and Peace katika jarida la Russkiy Vestnik mwaka 1865, na kitabu kizima kikakamilika 1869. Wasomaji wa kwanza wa vitabu hivi waliishi kama tunavyoishi sisi na Martin: wanakatiwa utamu, wanangoja, wanabishana nani atakufa na nani ataolewa. Ile sura ya Dumas inayokatika mtu ameshika kitasa cha mlango iliandikwa na mtu aliyetakiwa kuuza gazeti la kesho.

Tofauti yetu na wao ni kwamba kungoja kwao kumekwisha. Anayefungua Dumas leo analipwa deni lote siku atakayoamua kumaliza.

Kwa upande wa fantasia hali ni mchanganyiko. The Wheel of Time ya Robert Jordan ilianza 1990. Mwandishi alifariki 2007 kabla hajaimaliza, Brandon Sanderson akachukua maandishi na maelekezo aliyoyaacha, akaandika juzuu tatu za mwisho, na ya 14 ikatoka 2013. Kwetu kwenye mazishi mtu husimama akatangaza kwamba mwenye kumdai marehemu aje kwa wafiwa. Wasomaji wa Jordan walikwenda, na wakalipwa. Mkono ni mwingine na unaonekana kuwa mwingine, lakini deni limefutwa, na mimi huwaheshimu wote wawili kwa hilo. Hata hivyo juzuu 14 ni mwaka mzima kwa msomaji wa kawaida. Simshauri mtu aanzie hapo.

Dumas na Martin

Hawa nawaweka pamoja kwa sababu anayempenda mmoja karibu kila mara atampenda wa pili. Wote wanaandika juu ya watu wanaopanga njama vyumbani, wakitabasamu mezani huku wakijua nani anakwenda kuanguka.

Edmond Dantès ni baharia kijana wa Marseille, ana miaka 19, anakaribia kuwa nahodha na kumuoa ampendaye. Mwaka 1815 watu watatu wenye wivu na maslahi yao wanamfanya akamatwe katikati ya karamu ya uchumba. Anatupwa katika gereza la Château d'If, kisiwani, anakaa miaka 14. Humo anakutana na mfungwa mzee, Abbé Faria, anayemfundisha lugha, hesabu, historia, na zaidi ya yote jinsi ya kufikiri hadi akagundua mwenyewe ni nani waliomponza. Sura za gerezani ni katika kurasa bora nilizowahi kusoma juu ya elimu. Mzee hana ubao wala kitabu, na mwanafunzi anatoka gizani akiwa mtu mwingine.

Halafu kitabu kinakwenda Roma, na hapo nawaonya wote ninaowapa. Wanaingia watu wapya, kanivali, majambazi, na Dantès huoni hata jina lake. Wengi huacha hapo. Usiache. Dumas anatandika kamba za mtego, na kila jina linalokuchosha Roma litakuwa na kazi Paris.

Martin hakupi mtu mmoja wa kushika mkono. Kila sura ina jina la mhusika juu yake, na unaona mambo kwa macho ya huyo tu. Sura inayofuata ni ya adui yake, naye unaanza kumwelewa. Hiyo ni kazi ya ufundi mkubwa. Katika Dumas kuna akili moja inayopanga kila kitu. Katika Martin hakuna anayepanga chochote kikafika kilikokusudiwa, na wanaoumia zaidi ni wasiokuwa na jina katika orodha za koo mwishoni mwa kitabu. Katika juzuu ya nne, A Feast for Crows, kasisi mmoja wa njiani anaeleza jinsi mkulima wa kawaida anavyochukuliwa vitani, anavyoona anayoyaona, na anavyogeuka mnyang'anyi anayeogopwa vijijini. Nilipoisoma niliweka kitabu chini. Anayeijua historia ya nchi za Maziwa Makuu katika miaka 30 iliyopita hatausoma ukurasa huo kama fantasia.

Lakini kuna ukatili mwingi, ubakaji ukiwemo, na simpi kijana wa sekondari. Tena tamthilia ya televisheni iliyotokana navyo, Game of Thrones, ilimalizika 2019 ilhali vitabu havijamalizika, kwa hiyo wengi wanajua mwisho ambao mwandishi mwenyewe bado hajauandika. Kwa aliyeipenda tamthilia ile akataka kitabu, ushauri wangu ni mmoja: soma Monte Cristo kwanza. Ukimaliza ukiwa bado na njaa ya njama, nenda kwa Martin ukijua kwamba unakopesha bila tarehe ya kulipwa.

Jambo moja zaidi kuhusu Dumas, kwa kuwa huwa halisemwi madarasani. Bibi yake mzaa baba, Marie-Cessette, alikuwa mwanamke mweusi mtumwa katika Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti. Mtoto wa bibi huyo akawa jenerali katika jeshi la Ufaransa. Mtu anayekataa kitabu hiki kwa kuwa ni cha Wazungu wa kale anamkataa mjukuu wa mtumwa aliyeandika juu ya mtu aliyefungwa bila hatia.

Tolstoy na Tolkien

Huku wengi hukata tamaa, na karibu wote kwa sababu moja: majina. War and Peace inaanza na hafla mjini St Petersburg, Julai 1805, wageni wanaingia mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ana majina matatu pamoja na jina la kubembelezwa. Nakusihi usiogope, maana msomaji wa Kiswahili ana silaha ambayo wenzake wa Ulaya hawana. Lile jina la kati la Mrusi ni bin na binti. Pyotr Kirillovich ni Petro bin Kirill, na ndiye yule yule Pierre. Natalya Ilyinichna ni Natalya binti Ilya, na nyumbani wanamwita Natasha. Sisi tumekulia mitaani ambako mwanamke mmoja ni Mwanaidi kwa mamaye, Mwalimu kwa wanafunzi wake na Mama Salum kwa majirani, na hatukuwahi kupotea. Tolkien vilevile katika The Lord of the Rings: Aragorn bin Arathorn unakutana naye kwanza kwenye nyumba ya wageni akiitwa Strider, na Gandalf ana jina tofauti kwa kila taifa analolitembelea.

Wote wawili waliijua vita kwa miili yao. Tolstoy alikuwa ofisa wa mizinga Sevastopol wakati wa vita vya Crimea. J. R. R. Tolkien alipelekwa Somme mwaka 1916 akiwa ofisa wa mawasiliano. Ndiyo maana hakuna kati yao anayeandika vita kama ngoma. Katika Tolstoy, Andrei Bolkonsky amelala kwenye uwanja wa vita wa Austerlitz amejeruhiwa, anatazama mbingu, na fahari yote aliyoitafuta inakuwa ndogo. Katika Tolkien, Frodo na Sam wanatembea bila maji katika nchi ya majivu, na kinachowasogeza ni kwamba mmoja hawezi kumwacha mwenzake. Ukiziweka kurasa hizo mbili kando kwa kando utaona ndugu.

Wanachotofautiana ni hiki: Tolkien anakupa uovu wenye anwani. Unajua uko upande gani wa ramani na kuna kitu cha kwenda kukitupa ili uovu huo uishe. Tolstoy hakupi anwani. Majenerali wanadhani wanaongoza na hawaongozi, Napoleon anatoa amri zisizofika, na uovu umo katika ubinafsi wa kila siku wa watu wenye adabu nzuri. Ukiwa umechoka, umefiwa, au uko kipindi ambacho dunia imekulemea, chukua Tolkien. Nilimsoma baada ya msiba na alinisaidia. Ukiwa na nguvu na unataka kuwaelewa watu, chukua Tolstoy.

Kuhusu muda, nina habari inayowashangaza wote. Riwaya inayotisha kwa unene ndiyo inayofaa daladala. Sura za War and Peace ni fupi. Nyingi ni kurasa tatu, nne, tano. Kutoka Mbagala hadi Kariakoo unamaliza mbili, na kila moja ina mwisho wake. Tolkien anataka usiku, kimya, na kikao kirefu. Ile sura ya baraza nyumbani kwa Elrond ni mkutano mrefu wa kuelezana historia, na ukiisoma kwa vipande vya dakika kumi itakushinda. Isome kwa kikao kimoja, kwa sauti ukiweza, kama unavyosikiliza wazee wakisuluhisha jambo la ukoo. Kwa Tolstoy, ile tamati ya pili mwishoni ni falsafa ya historia isiyo na wahusika. Katika usomaji wa kwanza iruke. Najua wapo watakaonikasirikia, lakini nimeona watu wawili wakiacha kitabu kizima zikiwa zimebaki kurasa hizo tu.

Na ujue kwamba The Lord of the Rings ni riwaya moja iliyogawanywa juzuu tatu, 1954 hadi 1955, kwa sababu karatasi ilikuwa ghali na mchapishaji aliogopa hasara. Kwa hiyo ukiikuta The Two Towers peke yake mezani, umekuta tumbo la samaki bila kichwa wala mkia. Nunua, lakini usiifungue mpaka uipate ya kwanza.

Dickens na Ursula K. Le Guin

Wawili hawa hawatajwi pamoja mara nyingi, na kwangu ndio jozi yenye thamani kuliko zote.

A Wizard of Earthsea ilitoka 1968. Ged ni mtoto wa mhunzi katika kijiji cha mlimani, kisiwa cha Gont. Mama alifariki kabla mtoto hajafikisha mwaka. Ana kipaji, ana kiburi, na ana njaa ya kuwa mkubwa haraka. Anamchukua Ogion, mjuzi mkimya, ambaye mvua ikinyesha haifukuzi ingawa anaweza. Anatafuta mti akalala chini yake. Kijana haoni elimu katika ukimya huo. Anamwacha, anakwenda kwenye shule kubwa ya kisiwa cha Roke, na huko kwa kushindana na mwenzake anafungua mlango ambao haukupaswa kufunguliwa. Kinatoka kivuli. Kuanzia hapo kinamwinda.

Great Expectations: Pip ni yatima anayelelewa na dada yake na shemeji yake, Joe Gargery, mhunzi. Joe ni mtu mwema, hajui kusoma vizuri, anampenda mtoto kuliko nafsi yake. Siku moja fedha zinakuja kutoka kwa mfadhili asiyejulikana, Pip anapelekwa London kufanywa bwana. Huko anajifunza kuvaa, kula kwa uma, na kumwonea haya aliyemlea.

Wahunzi wawili, vijana wawili, walezi wawili wakimya walioachwa. Tena katika vitabu vyote hakuna adui wa nje anayelingana na kile kijana alichokitoa mwenyewe ndani yake.

Kuna sura ambayo Joe anakuja London kumtembelea. Amevaa nguo zake za Jumapili zinazombana. Hajui aiweke wapi kofia yake. Anaiweka juu ya ukingo wa meko, inaanguka, anaidaka, inaanguka tena. Mara anamwita kijana Pip, mara anamwita bwana. Watu husoma sura hii wakacheka, na Dickens alitaka wacheke. Mimi sikuweza. Nilipokuwa chuoni, baba mdogo alisafiri kutwa nzima na basi kuja kuniona, amebeba kuku ndani ya kikapu na mfuko wa viazi, na mimi nikamkalisha kwenye benchi la nje ili wenzangu bwenini wasimwone. Alikaa saa moja, akanipa fedha ya sabuni, akaondoka. Hakusema neno. Amekwisha kufariki. Mwandishi wa Uingereza wa 1861 alikuwa amekwisha kuandika benchi lile, na hakunitukana. Alinionyesha tu kofia inayoanguka.

Le Guin anafika mahali pale pale kwa njia nyingine. Hana vichekesho vya Dickens wala sentensi zake ndefu. Anasimulia kama bibi anayesimulia gizani, neno moja likitosha hataweka mawili. Kitabu kizima ni kurasa kama 200. Uwezo wote katika nchi yake unatokana na kujua jina la kweli la kitu, na jina la kweli la mtu halitajwi ovyo. Hapa neno letu "mchawi" linapotosha, maana kwetu mchawi ni wa kuroga na kudhuru, na nimewaona wazazi wakiwanyang'anya watoto kitabu kwa ajili ya neno hilo. Ged yuko karibu zaidi na yule ambaye watu wa pwani humwita mwenye ilimu: mtu aliyesoma, anayejua kwamba kila kitu ukikigusa upande huu kinatikisika upande wa pili, na kwa hiyo anajizuia.

Kwa msomaji wa mwambao kuna raha ya ziada. Earthsea yote ni visiwa na bahari. Watu husafiri kwa mashua za tanga, husubiri pepo, huuza na kununua bandarini. Mashua ya Ged imechorwa macho mbele, na mtu wa Lamu aliyeona macho kwenye omo la jahazi hahitaji kuelezwa ya nini. Watu wengi wa Earthsea wana ngozi nyeusi au ya kahawia. Ged mwenyewe ni wa rangi ya shaba iliyokoza. Mwaka 2004 televisheni ya Marekani ilipompa nafasi hiyo mwigizaji mweupe, Le Guin alipinga hadharani kwa maandishi. Alikuwa ameandika hivyo kwa kusudi, mwaka 1968, wakati karibu fantasia yote ya Kiingereza ilikuwa na mashujaa weupe.

Deni lake nalo ni la kiungwana. Earthsea ina vitabu sita: vitatu vya kwanza kati ya 1968 na 1972, Tehanu mwaka 1990, na viwili 2001. Kila riwaya inajifunga yenyewe. Ukisoma ya kwanza ukaishia hapo, hukudai kitu. Ukiikuta ya pili, The Tombs of Atuan, bila ya kwanza, soma tu. Ni kisa cha msichana aliyelelewa gizani kwenye makaburi, na kina mlango wake mwenyewe wa kuingilia. Kwa mtu anayenunua vitabu mezani, anachokikuta ndicho hicho, sijui mfululizo mwingine unaomfaa hivi.

Basi kati ya hivi viwili? Aliye chini ya miaka 18, au ambaye Kiingereza chake bado kinamsumbua, Le Guin, bila kusita. Aliyekwisha kuondoka kwao, akapata kazi, akaanza kuchagua ni ndugu gani wa kualikwa kwenye shughuli zake, asome Dickens, na asome mwaka huu.

Na anayetaka Kiswahili?

Hapa rafu mbili zinakuwa moja. Kusadikika ya Shaaban Robert, 1951, ni klasiki ambayo kila shule inaijua, na nchi inayosimuliwa humo inaelea angani. Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha elimu ya sheria, na anajitetea kwa kusimulia wajumbe waliotumwa pande sita, mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, ambao kila mmoja alirudi na manufaa akaishia gerezani. Kama hiyo si fantasia, sijui fantasia ni nini. Adili na Nduguze, 1952, ina majini na ndugu waliogeuzwa manyani. Mimi niliambiwa shuleni vitabu hivi ni vya maadili, na kweli ni vya maadili, lakini hakuna aliyeniambia kwamba ni vya ajabu, na nilivisoma upya ukubwani kwa furaha ambayo nilistahili kuipata nikiwa na miaka 14.

Vyote ni vyembamba. Kusadikika inamalizika alasiri moja. Kwa mtu ambaye hajawahi kumaliza kitabu maishani, naanzia hapa kabla ya yote niliyoyataja.

Nagona ya Euphrase Kezilahabi, 1990, nayo ni nyembamba, ila usidanganyike na unene wake. Wakati umevunjika, nafasi imevunjika, na msomaji anatembea kama katika ndoto ya mtu mwingine. Ni kitabu cha kusoma mara tatu. Ukitaka riwaya ya Kiswahili yenye watu wa nyama na damu na mwendo wa kukuvuta mpaka usiku wa manane, chukua Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, 1999, Unguja ya miaka ya kupigania uhuru na Yasmin anayetoroka ndoa ya kulazimishwa. Na Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka 2022: kile kisa cha mtoto Yusuf anayetolewa nyumbani kulipia deni la babake, hatimaye kinazungumza lugha ambayo watu wake walikuwa wakiizungumza tangu mwanzo.

Mfuko

Dumas na Dickens walifariki mwaka mmoja, 1870. Tolstoy 1910. Vitabu vyao vinapatikana bure na kihalali katika mtandao wa Project Gutenberg, tafsiri za Kiingereza zikiwemo, na simu ya kawaida inavifungua hata bila intaneti ukishavipakua. Martin, Tolkien na Le Guin lazima ununue. Ukimfuata Martin ni vitabu vitano vinene na unalipia kitu ambacho hakijamalizika. Kwa mwanafunzi asiye na fedha hesabu hii inaamua kila kitu, na sioni aibu kuitaja mbele ya mambo ya sanaa.

Ukinunua Monte Cristo ya mtumba, tahadhari moja. Matoleo yaliyofupishwa ni mengi sana, mengine hayasemi waziwazi kwamba yamefupishwa, na huenda kilichokatwa ni sura kama hizo za Roma. Kabla hujatoa fedha, fungua nyuma kabisa utazame namba ya sura ya mwisho. Kitabu kamili kina sura 117.